Unaenda kufanya utume kambini kwa wakimbizi? Pitia hapa kwanza

Hili swali naulizwa sana, na mafrateri, na masista, hadi vijana wa kawaida tu wa parokiani walioguswa moyo, kwamba mtu akitaka kwenda kufanya utume kwa wakimbizi anaanzia wapi na akifika anafanya nini. Naandika yote hapa nisiwe narudia rudia. Nitaongelea zaidi kambi za huku kwetu, yaani Kigoma, Kakuma ya Kenya na kaskazini mwa Uganda, kwa sababu vita vya Kongo, Burundi na Sudan Kusini ndo vimezijaza, ila mengi yanafaa hata ukitumwa Chad au Afrika ya Kati.

Kitu cha kwanza kabisa ujue kwamba Kanisa limeshafika kambini kabla yako. Mwaka 2015 Warundi walimiminika Kagunga, kijiji kidogo tu ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, maelfu kwa maelfu wamekaa mchangani, kipindupindu kikaingia, meli ya MV Liemba ikawa inawabeba kwa awamu kuwaleta Kigoma mjini, wanapitia uwanja wa Lake Tanganyika halafu ndo kambi ya Nyarugusu. Sasa kundi kubwa namna hiyo likishushwa kambini, humo ndani kuna makatekista, kuna walimu wa kwaya, kuna akina mama wa Legio ya Maria na rozari zao shingoni, kuna mwenyekiti wa jumuiya ambaye kule kwao alikuwa anaheshimika na leo amepanga foleni ya maji. Wiki haiishi wameshapata mti wa kusalia chini yake. Kwa hiyo wewe unayekuja na begi lako hauendi kuanzisha kitu, unaenda kujiunga na watu wenye nyumba yao, na ukilishika hili moja mengine yote yatakuwa rahisi.

Vibali, na nani anakutuma

Usiende mwenyewe mwenyewe. Kambi siyo kijiji unachoingia unavyotaka. Tanzania kibali cha kuingia kambini kinatoka Wizara ya Mambo ya Ndani, Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Kenya ni DRS, idara ya serikali ya wakimbizi, Uganda ni Ofisi ya Waziri Mkuu ambayo kila mtu anaiita OPM, na ukifika kote huko kuna mkuu wa kambi au wa makazi ambaye lazima umsalimie kabla hujamsalimia mtu mwingine. Upande wa Kanisa unamwona askofu wa jimbo ambalo kambi ipo: Nyarugusu ni Kigoma, Kakuma ni Lodwar, Bidi Bidi ni Arua, Palabek ni Gulu. Kanuni ya 568 ya Sheria za Kanisa inasema wakimbizi wawekewe mapadre walezi wao, kwa hiyo hauombi hisani, unaomba mahali pa kufanyia kazi chini ya mtu. Mlei au sista utaingia kirahisi zaidi ukipitia Caritas ya jimbo (idara ya misaada ya Kanisa), JRS (shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi), Wasalesiani wa Don Bosco au shirika lako lenyewe.

Makaratasi yanachelewa. Wakati unasubiri jifunze lugha, hata salamu na Baba Yetu tu kwa Kirundi au Kidinka. Soma pia historia ya vita walivyokimbia, nani alipigana na nani, mwaka gani, maana mkimbizi wa 1996 aliyetoka Kivu Kusini na aliyeingia juzi wana hadithi tofauti kabisa hata kama wanaishi block moja.

Wiki za mwanzo funga mdomo

Pedro Arrupe, mkuu wa Wajesuiti, alipoanzisha JRS tarehe 14 Novemba 1980 kazi yake ikaja kufupishwa kwa maneno matatu, kuwasindikiza, kuwahudumia, kuwatetea. Kusindikiza kumetangulia, na watu wengi wanairuka hatua hiyo. Wanafika Jumatatu, Jumanne wana proposo ya kujenga ukumbi.

Mtafute katekista. Huyu ndo mtu wako. Mara nyingi ana daftari la shule la kurasa mia lililofungwa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ameandika majina ya wakatekumeni wanaojiandaa kubatizwa, watoto wa komunio ya kwanza, waliofariki, waliohamia zoni nyingine. Muombe akuonyeshe, na akikuonyesha usilichukue ukaondoka nalo, kaa hapo hapo kwenye kigoda umsikilize anavyokuelezea jina kwa jina. Utajua kambi nzima kupitia lile daftari. Halafu tembea naye nyumba kwa nyumba, ukikaribishwa uji kunywa uji hata kama unajua mgao umepunguzwa, maana kukataa chakula cha mtu kwa sababu unamuonea huruma ni kumwambia kwamba yeye hana tena uwezo wa kumkaribisha mgeni.

Usiulize kabila. Usiulize "ilikuwaje ukakimbia." Atakuambia siku akitaka, na inaweza kuwa mwaka wa pili. Uliza watoto wanasoma wapi, uliza anaimba sauti gani kwaya, uliza kwao walikuwa wanalima nini.

Halafu magari ya mashirika mengi yanatoka kambini jioni mapema, yale meupe yenye antena, yanaondoka msururu na watu wanabaki wenyewe. Ukiweza kukaa ndani, kaa. Wasalesiani walioko Palabek wanaishi humo humo kwenye makazi, na ndo maana mtu akipata shida saa tatu usiku anajua pa kugonga. Kama kibali chako hakikuruhusu kulala ndani usivunje sheria, ila basi angalau usiwe wa kwanza kupanda gari.

Misa na lugha

Hapa kuna mitego midogo midogo. Wakongo wana utaratibu wao wa Misa ulioidhinishwa na Roma mwaka 1988, wanaomba watakatifu na mababu wema mwanzoni, tendo la toba linakuja baada ya mahubiri na amani inafuata hapo hapo, na wanacheza kwa kweli. Padre wa Kitanzania asiyejua anaweza kudhani kwaya imemchezea rafu. Muulize katekista Jumamosi, siyo Jumapili madhabahuni.

Ukiwa na makundi mawili yaliyotokea pande mbili za vita usikimbilie kuwachanganya kwa nguvu siku ya kwanza ili upate picha nzuri ya umoja, ila usiwatenganishe moja kwa moja pia ukawa na parokia ya hawa na parokia ya wale. Kinachofanya kazi polepole ni vitu vyenye jasho: kwaya ya watoto, kusafisha kanisa, mazishi. Somo moja Kidinka, somo lingine Kinuer, maombi kwa Kiarabu cha Juba. Kwenye mazishi hasa angalia nani kaja kuchimba, utajua upatanisho umefika wapi kuliko semina yoyote ile.

Na tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, jiandae vizuri. Watu hawa wana marehemu wengi na hawana makaburi ya kwenda kufagia. Weka daftari mbele ya altare wiki moja kabla, kila familia iandike majina ya watu wao. Jina tu, mtu asiandike aliuawa wapi wala na nani, na ukisoma kwa sauti soma majina ya ubatizo peke yake, kwa sababu majina ya ukoo yanataja upande na aliyekaa benchi la nyuma anasikia.

Madaftari, tafadhali sana

Hapa nitakaa kidogo maana ndo sehemu inayodharauliwa kuliko zote na ndo inayowasumbua watu miaka na miaka.

Mtu amekuja, anasema nimebatizwa Uvira kule Kongo, parokia imechomwa, cheti sina. Usimrudishe. Kanuni ya 876 inatosha: shahidi mmoja wa kuaminika, au kiapo cha mwenyewe kama alibatizwa akiwa mtu mzima. Andika maelezo, shahidi asaini, wewe saini, weka tarehe. Ukibaki na shaka ya kweli baada ya kuchunguza ndo unabatiza kwa sharti, yaani "kama hujabatizwa", kanuni ya 869, lakini usianze kubatiza watu wazima upya kwa sababu tu ni kazi kutafuta mashahidi. Na wafundishe makatekista na wakunga kubatiza mtoto aliye hatarini kufa, yeyote anaweza, maji na maneno, halafu jina lake lifike kwenye daftari.

Kwenye majina, andika vile vile kama ilivyo kwenye karatasi yao ya usajili, herufi kwa herufi, hata kama unaona kabisa karani alikosea. Utakuta familia nzima imezaliwa tarehe 1 Januari, hiyo ni kwa sababu walioandikisha hawakujua tarehe wakawekewa hiyo. Usijifanye mwema ukarekebisha kwenye cheti cha ubatizo, maana karatasi mbili zisizofanana zinaweza kumkwamisha mtu kwenye usaili miaka kumi baadaye. Akitaka kusahihisha aanzie kwenye usajili, na wewe utafuata.

Ndoa ni ngumu zaidi. Mama alifunga ndoa kanisani, siku ya mashambulizi mume akakimbilia huku yeye akakimbilia kule, ni miaka minane hakuna habari, sasa kuna mwanamume mwingine wanalea watoto pamoja na anaomba kufunga ndoa. Moyo unakuambia funga tu. Sheria inasema kutoonekana peke yake, hata kwa muda mrefu vipi, hakutoshi. Kanuni ya 1707: askofu ndiye anayetangaza kwamba mtu anadhaniwa amekufa, baada ya uchunguzi unaompa uhakika wa kimaadili, yaani usiobaki na shaka ya maana. Kazi yako ni kumsaidia askofu kuufikia huo uhakika. Mpeleke mama Msalaba Mwekundu wafungue faili la kumtafuta mume, kwa sababu wana utaratibu wa kutafuta ndugu waliopotezana vitani na jibu lao ni ushahidi. Tafuta watu wa kijiji kimoja naye, andika walichoona na walichosikia na walikisikia kwa nani. Tuma jimboni, fuatilia. Muda wote huo huyu mama anakuja Misa, watoto wake wanabatizwa, jumuiya inasali nyumbani kwake. Nimeona viongozi wa jumuiya wanamkwepa mtu wa namna hii kana kwamba vita alivianzisha yeye.

Na daftari lenyewe lisilale kambini peke yake. Kambi zinafungwa. Mtendeli ilifungwa 2021 watu wakahamishiwa Nduta. Kila baada ya miezi michache peleka nakala jimboni, na mtu apewe cheti chake siku ile ile ya ubatizo, siyo "njoo mwezi ujao."

Chakula huku, sakramenti kule

Usigawe msaada baada ya Misa. Usigawe kanisani. Usigawe ukiwa umevaa kanzu. Hata kama wewe nia yako ni safi, mtu mwenye njaa ataunganisha mwenyewe, na jirani yake Mpentekoste au Mwislamu atajiona ametengwa. Kanuni za maadili za 1994 za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada zinasema wazi msaada hautumiki kusukuma msimamo wa dini wala wa siasa, na Caritas Internationalis ni mmoja wa waliozidhamini, kwa hiyo hili ni la kwetu pia. Orodha ya wahitaji aitengeneze mtu wa Caritas pamoja na viongozi wa zoni, kwa vigezo vinavyobandikwa ukutani kila mtu avisome.

Padre Bernard Kinvi, Mkamiliani, kule Bossemptélé Afrika ya Kati mwaka 2014 alificha mamia ya Waislamu kwenye misheni na hospitali wakati wanamgambo wa anti-balaka wanawawinda, na wala hakumuuliza mtu kuhusu ubatizo. Huo ndo utume wa Kikatoliki, kwa wanaojiuliza kama kuhudumia wasio Wakatoliki kunahesabika.

Kuna watakaoomba ubatizo wakiamini utawasaidia kupelekwa nchi ya tatu. Usikasirike, ungekuwa wewe ungejaribu pia. Sema kila mara hadharani kwamba padre na sista hawana mkono wowote kwenye kuchagua wanaopelekwa Marekani au Kanada, kisha kipindi cha ukatekumeni kiende urefu wake wa kawaida bila njia ya mkato. Watakuomba barua pia. Andika unachokijua tu, kwamba fulani anasali hapa tangu mwaka fulani, ni mwalimu wa kwaya, basi. Mateso ambayo hukuyaona usiyathibitishe kwa mhuri wa parokia, kwa sababu ikigundulika moja ni ya uongo barua za wote waliobaki hazina thamani tena.

Kusikiliza

Wengine watakusimulia mambo ambayo utashindwa kulala. Huna haja ya kuwa na jibu, na hiyo "Mungu ana mpango wake" iache nyumbani kwenu, ukiisema kwa mama aliyezika watoto njiani umemtukana. Kaa. Akinyamaza nyamaza naye. Ukiona mtu hali chakula, halali usingizi, anajitenga, anaongelea kufa, hapo siyo kazi ya sala peke yake, mpeleke kwa washauri nasaha wa kambini, Kakuma kwa mfano JRS wana huduma hiyo ya siku nyingi.

Kitubio kwa lugha usiyoijua kinawezekana kupitia mkalimani, kanuni ya 990, na mkalimani anafungwa na siri kama ilivyo 983. Ila achague mtubu mwenyewe mkalimani wake, usimchagulie mtu wa upande wa pili wa vita. Foleni ikiwa ndefu hadi Pasaka usijiamulie kutoa ondoleo la jumla, yaani kuwaondolea wote dhambi kwa pamoja bila kuungama mmoja mmoja, askofu ndiye anaamua kama mazingira yamefikia huko.

Watoto na wasichana: mlango wazi, watu wazima wawili, hakuna kumpa msichana vocha wala sabuni kwa siri hata kwa huruma. Mwaka 2002 UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na Save the Children walitoa ripoti kuhusu kambi za Guinea, Liberia na Sierra Leone, wafanyakazi wa misaada walikuwa wanadai ngono ili watoe chakula. Waambie watu namba na sanduku la malalamiko viko wapi, na waambie kwamba hata wewe unaweza kushtakiwa humo. Picha usipige. Kama wafadhili wa nyumbani wanataka picha, piga ya jengo.

Vitu vya mikono

Sista Angélique Namaika wa Dungu, kaskazini mashariki mwa Kongo, alikuwa anazunguka kwa baiskeli kwenye barabara mbovu kuwafuata wanawake waliotoroka waasi wa LRA, anawafundisha kusoma, kushona, kuoka mikate, na yeye mwenyewe alishawahi kukimbia. UNHCR wakampa tuzo ya Nansen, ya wanaohudumia wakimbizi, 2013. Angalia alivyoanza, ni kwa kitu kidogo kinachoendelea kila siku. Ukitaka kuanzisha cherehani au bustani hakikisha kwanza sheria ya hapo inaruhusu mkimbizi kuuza anachotengeneza, maana Uganda mtu anaweza kupewa kipande cha ardhi na kutembea huru, Tanzania kutoka nje ya kambi ni lazima kibali. Na wenyeji wasisahaulike. Kuni zinaisha kwa wote, mwanakijiji wa jirani anaona malori yanapita na yeye watoto wake wana njaa ile ile, kwa hiyo darasa la ufundi liwe na viti vya wenyeji pia.

Siasa

Unachosema kwenye mahubiri kinavuka mpaka kabla hujavua kanzu. Usitaje viongozi, usitaje makundi ya waasi, hata kwa utani. Ila kuna siku kunyamaza ni dhambi, na Kanisa la Bukavu, mashariki mwa Kongo, linajua gharama yake. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliwatetea wakimbizi wa Rwanda na watu wake waziwazi akauawa tarehe 29 Oktoba 1996, na siku mbili baadaye mabruda wanne Wamarist waliokuwa wameamua kubaki na wakimbizi kambini karibu na Bugobe wakauawa nao. Wewe mgeni usijitafutie ushujaa. Ukiona watu wanalazimishwa au wanateswa andika tarehe, mahali, ulichoona kwa macho yako, mpe askofu na UNHCR, mtoa habari jina lake libaki kwako.

Wakianza kurudi, au wewe ukiondoka

Utaulizwa "padre, nirudi kwetu au nisirudi?" Usimjibu. Mkataba wa wakimbizi wa OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) wa 1969 unasema kurudi ni kwa hiari, na hiari ni yake yeye anayejua nani amekaa kwenye shamba lake. Unachoweza ni kumsaidia apate habari za ukweli, ikiwezekana kupitia paroko wa kule kwao. Warundi walianza kurudi kwa misafara kutoka Kigoma tangu Septemba 2017, na misafara inatangazwa kwa muda mfupi, kwa hiyo vyeti na barua za utambulisho viwe tayari mapema: jina, sakramenti alizopokea, kazi aliyokuwa anafanya kwenye jumuiya. Aliyekuwa katekista kambini aandikiwe kabisa kwamba alikuwa katekista, na kwa miaka mingapi, maana akifika nyumbani hakuna anayemjua na wanaweza kumuweka benchi.

Wewe ukihamishwa sema mapema, hawa watu wameshaachwa ghafla mara nyingi. Funguo, pesa za kwaya na daftari vikabidhiwe mbele ya halmashauri ya walei kwa maandishi, namba ya simu ya atakayekufuata ibandikwe mlangoni, na yale mafaili ya ndoa ambayo bado yako jimboni mwandikie mrithi wako moja moja yamefika wapi.